Nyumba Niliyoikwangua

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kuchora ramani, vijana wapate kusoma. Najua mlitarajia habari za mipaka na mawe ya upimaji. Hizo zimo kwenye majalada, na majalada hayana aibu. Mimi nina jambo moja ambalo halimo kwenye jalada lolote, nami nimelibeba kimya mpaka siku nilipokabidhi funguo. Katika umri wangu wote wa kazi niliharibu picha ya mtu mmoja tu. Picha hiyo ilikuwa na kazi moja: kumwonyesha mama mzee nyumba yake kabla hajafumba macho. Aliyeichora ni Bi Thureya, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Itabidi nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Siku yangu ya kwanza nilifika na kalamu mbili mpya mfukoni na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mzee Maganga, mchoraji mkuu wetu, alizitazama zile kalamu, akanyoosha mkono, nikampa. Akazitia kwenye droo yake, akafunga. Kisha akavunja wembe katikati, akaifunga nusu yake kwa kipande cha karatasi, akanikabidhi.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana kwa woga nilikuwa nimesahau hata kusalimia.

"Marahaba. Kuchora utajifunza baadaye. Kwanza ujue kufuta."

Ninyi mnafuta kwa kubonyeza, kwa hiyo nieleze. Tulichora kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu, na wino huo ukishakauka raba haiuwezi. Unaulaza wembe, karibu ulale kabisa, unakwangua polepole kama mtu anayeparua magamba ya dagaa, mpaka mstari unatoka na karatasi inabaki. Halafu unapasugua kwa ukucha wa dole gumba ili nyuzi za karatasi zilale. Usiposugua, mstari mpya utatawanya wino na ramani itaota ndevu. Kwa mwezi mzima sikuchora hata mstari mmoja. Nilikwangua tu, na ukucha wangu ukachongeka upande mpaka leo.

Kalamu nilirudishiwa mwezi wa pili, na hapo nikakutana na adui mwingine, vumbi la kiangazi. Vumbi la Tabora likiingia kwenye ncha ya kalamu halitoki kwa maombi. Mzee Maganga alikuwa na bakuli lake la maji ya uvuguvugu na sabuni, akiziogesha kalamu kila jioni kama watoto. Alikuwa akisema vumbi hili lina chuki binafsi na serikali.

Alinifundisha pia desturi ya ofisi, na hii ndiyo iliyoniponza. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa na tabia ya kuinua juu ramani yenye kosa, mbele ya watu wote, na kuuliza ni ya nani. Mtu mzima na familia yake anasimama kama mtoto wa darasa la pili. Kwa hiyo wachoraji walikubaliana wao kwa wao: ukiona kosa kwenye ramani ya mwenzako, likwangue, lirekebishe, unyamaze. Usimwambie, wala usitarajie shukrani.

"Mwenzako akiwa na punje ya wali kidevuni humpigii mbiu," alisema Mzee Maganga. "Unampangusa, mnaendelea kula."

Bi Thureya alikaa meza inayotazamana na yangu. Kazi yake ilikuwa kupaka ramani rangi: mito, misitu, barabara. Alitoka katika familia ya Kiarabu ya hapahapa mjini, watu wa biashara tangu enzi za misafara. Katika watoto wote yeye peke yake alilikataa duka, akaja kukaa na sisi wenye wino vidoleni. Alinizidi umri kidogo na alinizidi akili sana. Nilimwita Dada Thureya, naye aliniita Sospeter tu, kwa sauti ya mtu anayekuita uje ule.

Mwaka wangu wa pili nilipewa ramani ya viwanja viwili vya mtaa wa Isevya, vya majirani waliogombana mpaka wakaacha kuzikana. Nikauchora mpaka, nikaenda zangu nyumbani. Usiku ule nikakumbuka, jasho likanitoka: nilikuwa nimesoma vibaya daftari la mpimaji na nimeupeleka mstari ndani ya kiwanja cha jirani. Asubuhi nilifika na hotuba yangu ya kuomba radhi. Mkuu alikuwa ameshaikagua ramani na kuitia saini. Mstari ulikuwa mahali pake. Nikamshukuru Mungu, nikadhani kosa nililiota. Baada ya miaka mingi, ramani ile ilipotolewa kunakiliwa, niliielekeza dirishani nikaona pameparuliwa, pana alama ya ukucha mdogo kuliko wangu.

Nikamuuliza Bi Thureya. Akasema, "Mimi sijui habari hizo," akaendelea kuchanganya kijani cha msitu.

Basi nikawa nalo deni moyoni, nikisubiri siku ya kulilipa.

Miaka ikaenda. Mzee Maganga alistaafu, kisha akatutoka. Bi Thureya naye akastaafu, na kompyuta zikaingia, mimi nikabaki na nusu yangu ya wembe kwenye pochi kama hirizi. Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu ikaja barua ofisini. Chama cha wachoraji kilitaka kufanya warsha ya kuchora mandhari nje, siku nne, kando ya njia ya zamani ya misafara, na siku ya mwisho iwe tamasha: picha zitundikwe, ngoma zipigwe, watu waje. Waliomba mtu wa ardhi anayeijua njia ile inapopita. Bosi akanitazama mimi, maana kila jambo la zamani lilikuwa langu.

Nilikwenda nikidhani nitaonyesha njia na kurudi. Nikawakuta watu kama thelathini, kila mmoja na stendi yake ya mti, kofia pana na mbao nyembamba za kuchorea, wengine vijana, wengine wastaafu. Katikati yao, chini ya mwavuli mweusi, Bi Thureya.

"Umechelewa, Sospeter," akasema. "Kaa hapa unishikie mwavuli."

Mwalimu wa warsha alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, Neema, mchangamfu, asiyeogopa jua wala wazee. Siku ya kwanza alituambia, "Chora unachokiona, usichore unachokijua." Nilipenda sana maneno yale. Niliyaona kama ya Mzee Maganga, ila yamevaa suruali ya jinzi. Neema naye alinipenda kwa kuwa nilikuwa na mpangilio, akanipa kazi: kila picha itakayotundikwa niikague na kutia saini nyuma, kuthibitisha kwamba imechorwa palepale na ni ya mahali pale kweli. Mtu wa ofisi ukimpa saini umempa ufalme. Nikaenda kununua kalamu mpya ya wino na nyuma ya kila ubao nikawa naandika *Imeonwa*.

Nikiri kwamba zilikuwa siku nzuri. Ilikuwa kiangazi, anga jeupe kwa moshi na vumbi, majani ya miombo mekundu. Wachoraji walitawanyika kando ya njia, mmoja akichora mbuzi ambao hawakutaka kutulia, mwingine akisumbuliwa na wapita njia waliotaka kuwekwa kwenye picha na baiskeli zao. Saa nne tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Vumbi liliganda kwenye rangi mbichi na Neema akasema lisiondolewe, nalo ni la Tabora. Mimi mwenyewe nilijaribu kuchora, nikatoa kitu kilichofanana na kiwanja.

Bi Thureya alichagua mahali pembezoni mwa mtaa wa Ng'ambo, mbele ya nyumba ya wazazi wake. Nyumba, nasema. Masika moja huko nyuma ilianguka, na kilichobaki kilikuwa ukuta mmoja wa upande wa kaskazini na nyasi zilizofika kiunoni. Siku ya pili nikasimama nyuma yake na kuona kwenye ubao nyumba nzima: baraza, nguzo, paa, mlango wa mbao wenye nakshi, hata mkeka.

"Dada Thureya," nikasema, "hii haipo."

"Ipo."

"Mimi naona ukuta na nyasi."

"Kwa mtu mmoja bado ipo," akasema, bila kugeuka.

Nilidhani anajisema yeye mwenyewe, uchungu wa mtu kwa kwao. Sikuuliza huyo mtu mmoja ni nani. Nilikuwa na swali hilo moja tu la kuuliza katika siku zote nne, nami badala yake nikamkumbusha kanuni ya mwalimu. Alicheka, akaniambia nisogeze mwavuli.

Nilijua kwamba mama yake, Bibi Zuwena, atakuja Jumapili kuona picha. Alikuwa akiishi Kaliua kwa mwanawe mwenye duka, tangu alipofiwa na mumewe, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Nisilolijua wakati ule ni hili: Bibi Zuwena hakuwahi kuambiwa kwamba nyumba imeanguka. Watoto waliogopa kumvunja moyo. Kila alipouliza, waliambizana wamjibu kwamba nyumba ipo, bati tu linavuja. Sasa alikuwa ameng'ang'ania kuja kuiona kabla macho hayajazima, na Bi Thureya akamwambia miguu yako haiwezi njia ile, mama, nitakuchorea. Hakukuwa na picha ya kamera hata moja ya nyumba ile.

Jumamosi alasiri Bi Thureya alimaliza. Alikuwa na haraka ya kwenda kuswali na kumtayarishia mama yake chumba.

"Sospeter, nichukulie picha yangu ukaikabidhi," akasema. "Taratibu, bado mbichi."

Nikabaki peke yangu na ile picha, stendi, na rangi zake kwenye kibao. Niliitazama nikaona nyumba isiyokuwepo. Nilijua kwamba siwezi kuandika *Imeonwa* nyuma yake bila kudanganya, na nisipoandika haitatundikwa, na mama wa watu atatoka Kaliua aje aambiwe picha ya binti yake imekataliwa. Nilimwona Bi Thureya amesimamishwa mbele ya watu kama tulivyokuwa tukisimamishwa. Nikakumbuka mpaka wa Isevya. Nikasema moyoni, leo nalipa.

Nikatoa wembe.

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi haina ubishi. Nilianza na paa, nikashuka kwenye nguzo, nikaondoa baraza, nikaondoa mlango. Nikapasugua kwa ukucha, kwa mazoea tu, maana ubao hauna nyuzi. Kisha kwa rangi zake mwenyewe nikaweka anga na nyasi, nikauacha ule ukuta mmoja. Niliifanya kazi vizuri sana. Nilitazama mbele, nikatazama ubao, vikalingana. Nikageuza, nikaandika *Imeonwa*, nikatia saini. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumapili treni ilichelewa, kama ilivyo haki yake. Ngoma zilikuwa zimeshaanza uwanjani Bi Thureya alipoingia akimwongoza mama yake mkono, wametoka stesheni moja kwa moja. Bibi Zuwena alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda buibui, anatembea kama mtu anayekwenda harusini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Sospeter wa kalamu? Huyu alikuwa akikutaja sana. Haya, nionyesheni nyumba yangu."

"Ndiyo hiyo, mama, mbele yako," alisema Bi Thureya, naye amegeuka nyuma kumvutia kiti.

Bibi Zuwena aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akikisogeza sogeza kichwa.

"Huu ni ukuta wa kaskazini," akasema. "Kile pale kishubaka cha taa, nilikichimba mwenyewe na mundu, baba yenu akanigombeza. Nyumba iko wapi?"

Bi Thureya aligeuka, akaiona.

"Imeanguka lini?" mama aliuliza.

Bi Thureya alikiachia kile kiti.

"Nauliza, imeanguka lini?"

"Masika, mama. Zamani kidogo."

"Nami kila siku naambiwa bati linavuja." Hakupandisha sauti. "Na zile salamu za majirani waliokaa barazani? Walikuwa wamekaa wapi?"

Bi Thureya alimkalisha kwenye kiti. Kisha akairudia picha, akapitisha kidole juu ya nyasi zangu, taratibu, mpaka akafika mahali fulani akasimama.

"Ukucha," akasema.

Akaugeuza ubao, akasoma saini. Nilijieleza. Nilimwambia nilitaka itundikwe, nilimwambia kanuni ya mwalimu, nilimtaja Mzee Maganga. Neema alikuwa amesogea, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mzee wangu, mimi nilisema vile kwa wanaoanza." Nilitamani anigombeze.

Bi Thureya alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilikukwangulia mpaka wa Isevya," akasema. "Ule ulikuwa kosa, Sospeter."

Ndiyo mara pekee aliyowahi kulikiri. Akamshika mama yake mkono, akampeleka akaone lile gofu kwa macho yake, maana sasa hakukuwa na la kuficha. Picha waliiacha. Tamasha lilipokwisha nikaichukua, na iko kwangu mpaka sasa, imegeuziwa ukutani.

Bibi Zuwena alifariki Kaliua kabla ya masika yaliyofuata. Nilikwenda msibani. Bi Thureya, aliyekuwa amehamia huko kumuuguza, aliniletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja kwa majina. Hakuna neno baya alilonitamkia. Ningelipata neno baya ningelijua la kulifanya.

Mwaka huu nimestaafu, na warsha imerudi. Nimekwenda kama mwanafunzi, na mwavuli wangu na ubao wangu. Niliyekusudia kumchorea ni Bi Thureya: nyumba nzima, kama aliyoichora yeye. Sikutaka anisamehe, nilitaka tu aipate. Nikakaa palepale pembezoni mwa Ng'ambo. Ule ukuta nao umekwisha, pamejengwa fremu za maduka, mtu anauza vocha.

Kiwanja nilikijua. Nilikichora mimi, mwaka wangu wa tatu. Najua pembe zake nne, najua upana wa mbele, najua baraza ilivyoingia njiani kwa hatua moja na barua tulizoandikiana na wenye nyumba kwa ajili ya hatua hiyo. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeisimamisha nyumba kwenye ubao, mistari imenyooka, kila kitu kwa kipimo. Nikachovya brashi nipake mlango, nikakwama.

Niliwahi kukaa kwenye baraza ile. Ilikuwa arusi ya mpwa wake, nikanywa kahawa vikombe vitatu nimeegemea kizingiti cha mlango huohuo. Na ile Jumamosi niliukwangua kwa karibu kuliko mtu anavyosoma barua. Nikafumba macho nikautafuta. Niliona ncha ya wembe, niliona mahali mstari wa nguzo ulipokutana na paa. Mlango sikuuona. Jioni nikaitoa ile picha ya zamani, nikailaza juani upande, pengine kuna chembe ya rangi iliyobaki chini ya nyasi. Hakuna. Nilikwangua mpaka ubao. Mzee Maganga angenisifu.

Kesho yake nikampigia simu Kaliua. Tukasalimiana vizuri. Nikamwambia niko warshani, nikamwambia ninachokichora.

"Ya nini tena, Sospeter?" akasema. "Aliyetakiwa aione keshaona."

"Ni kwa ajili yako, dada. Nimebakiza mlango tu. Ulikuwa rangi gani?"



"Mimi Jumamosi ile nilikuwa nimeupa mgongo, nakwenda kuswali," akasema, bila hasira, kama mtu anayekukumbusha ulipoweka funguo zako. "Aliyeuona mwisho ni wewe."